Udongo Unaoulipia Mara Tatu: Maji, Taka na Gari kwa Mwenye Karakana ya Krispi Nakuru

Chukua gunia moja la viazi lililoshuka kutoka Mau Narok wiki ya mvua, ulipime kabla hujamlipa mtu. Kisha osha viazi vyote, vitandaze kivulini vijikaushe, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni udongo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata kilo 2 kasoro kidogo, nikaona si neno. Usiku ndipo hesabu ikaninyima usingizi: magunia 100 ni karibu kilo 200, yaani magunia manne ya udongo niliyoyanunua kwa bei ya viazi. Na hayajaishia hapo. Udongo uleule niliulipia nauli ya lori dogo la Canter, nikaulipia maji ya kuuosha, kisha nikamlipa kijana aje auzoe mtaroni.

Mwongozo huu ni wa mwenye karakana ndogo ya kukaanga krispi, au ya kumenya na kukata viazi vya chipsi vya kuuzia mikahawa, hapa Nakuru. Anayekaanga ndizi Kisii au mihogo Busia naye atapata chake. Wengi tumezoea kuyatenga mambo haya: maji ni ya kampuni ya maji, taka ni za NEMA (mamlaka ya mazingira) na kanjo (askari wa kaunti), gari ni la NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) na polisi. Mimi nayafuata kama njia moja. Kiazi kinaingia kwa mlango huu, kinatokea kwa ule, nami nakifuata nyuma na mizani na daftari.

Hatua ya 1: Anzia kwenye gunia

Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ile ambayo wachuuzi wetu huiita mukorino kwa sababu imevishwa kilemba juu, ni kosa hata kama muuzaji anaapa kwamba ndiyo desturi ya soko. Husemwa sheria hii ni ya kumlinda mkulima, na ni kweli. Lakini inakulinda nawe mnunuzi. Mukorino hauna uzito unaojulikana, leo hivi kesho vile, kwa hiyo hujui umenunua nini wala gari limebeba nini. Nunua kwa kilo, na mizani yako ipeleke kwa maofisa wa vipimo ikakaguliwe na kupigwa muhuri. Mizani isiyo na muhuri haitakusaidia siku ya ubishi.

Kubaliana na mkulima au dalali mambo mawili kabla jembe halijaingia shambani. La kwanza, viazi vikishang'olewa vilale kidogo juu ya ardhi udongo ukauke, vitikiswe, ndipo vitiwe guniani. Visishinde juani, kwa maana kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, na uchungu huo ni sumu. La pili, gunia moja katika kila kumi lipimwe kabla ya kuoshwa na baada ya kuoshwa, na udongo uliopita kiasi mlichoafikiana ukatwe kwenye malipo. Dalali mmoja aliniambia, "Mama, viazi vinatoka shambani, havitoki dukani." Nikamjibu, sawa kaka, lakini leo sikuja kununua shamba. Alicheka, akakubali.

Aina ya kiazi nayo ni suala la taka, ingawa watu huiona ni suala la ladha tu. Shangi ndiyo imejaa sokoni, na kwa chipsi haina neno, lakini macho yake yamezama, hivyo kisu hula nyama nyingi, na huchipua upesi ukiiweka stoo. Kwa krispi, wakaangaji wa siku nyingi huitafuta Dutch Robijn, ile nyekundu inayolimwa sana upande wa Bomet, maana haina maji mengi ndani. Bei yake ikikushtua, ilinganishe na ndoo za maganda utakazotupa.

Hatua ya 2: Jua maji yanapotelea wapi

Soma mita unapofunga jioni, uisome tena asubuhi kabla mtu hajafungua bomba. Ikiwa imesogea usiku, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni tangi la choo. Kisha chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu, upime kila bomba linajaza ndoo kwa muda gani. Mpira wetu wa kuoshea sakafu ulijaza ndoo kwa dakika moja. Ulikuwa ukiachwa wazi kwa jumla ya saa 3 kila siku, hapa dakika tano, pale kumi. Saa 3 ni lita 3,600, yaani mapipa 18. Kifaa cha kubana mwishoni mwa mpira, kile cha kufyatua kama bastola, kilirudisha pesa yake kabla mwezi haujaisha.

Kumbuka kwamba maji taka hayana mita yake. Kampuni hukadiria kutokana na mita ya maji safi, kwa hiyo pipa unalookoa linakupunguzia bili pande zote mbili.

Andika kila siku namba moja tu: lita ngapi zimetumika kwa kila gunia. Jumla ya mwezi itakudanganya, kwa sababu mwezi wa biashara nzuri daima hutumia maji mengi. Lita kwa gunia haidanganyi. Na sakafu ifagiwe kavu kwanza. Maganda yakisukumwa kwa mpira hadi mtaroni, umetumia maji safi kutengeneza maji machafu.

Hatua ya 3: Maji yatembee kinyume na kiazi

Weka mabeseni makubwa matatu, au mapipa yaliyokatwa, kila moja juu kidogo ya lenzake. La chini kabisa ni la kutoa udongo. La kati ni la kuosha mara ya pili, kabla ya kumenya. La juu ni la kusuuza vipande vilivyokwisha kukatwa. Kiazi hupanda kutoka la chini kwenda la juu. Maji hushuka.

Maji ya bomba yanaingia beseni la juu, na kwa lile la kati yanaongezwa pale tu ubora unapodai. Maji yaliyosuuza vipande hutulizwa kwanza (nitaeleza hapo chini), kisha ndiyo yanayoenda kung'oa udongo wa viazi vya kesho. Udongo haujali kama maji yamewahi kutumika. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: kiazi kilichomenywa hakiguswi na maji yaliyorudiwa. Andika hivyo ukutani kwa maandishi makubwa. Bwana afya akija hilo ndilo swali lake la kwanza, na ana haki.

Hatua ya 4: Wanga, adui aliyevaa nyeupe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Mwaka wa kwanza maji yetu ya kusuuza vipande yalikwenda moja kwa moja kwenye bomba. Ni maji meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, hayana harufu, nani atayaogopa? Majuma matatu yakapita salama. La nne, jirani akaja kuuliza kama tunapika pombe. Harufu ilikuwa ya uji uliochacha na kusahauliwa. Fundi alipofungua bomba pale linapopinda alitoa kitu kigumu cheupe kama ugali wa juzi, kimeshikana na mafuta. Tulifunga siku mbili, na malipo ya fundi sitayataja.

Mambo huenda hivi. Wanga hauyeyuki katika maji baridi, huelea tu kwa muda na kisha hutua. Ukitua ndani ya bomba hukaa pale kwenye pindo, na kila siku huongezeka tabaka. Ukimwaga maji ya moto juu yake, kwa mfano ya kuoshea kikaangio, unaupika, unakuwa gundi. Sisi tulikuwa tukifanya yote mawili, na tukijisifu kwamba maji ya moto yanasafisha bomba.

Dawa ni beseni pana lenye bomba dogo la kutolea maji, lililotobolewa juu ya sakafu ya beseni kwa urefu wa kiganja. Jaza maji meupe, uyaache bila kuyatikisa. Chembe za wanga wa viazi ni kubwa kuliko za mahindi, kwa hiyo hutua upesi, na saa mbili au tatu hutosha. Fungua bomba, maji ya juu yaende kuosha udongo. Chini utakuta utando mweupe mzito unaokwanguliwa kwa mwiko. Ukitaka uwe safi, ukoroge tena kwenye maji safi, utulize, umwage maji, kisha uuanike juu ya kitambaa kisafi. Dobi atauchukua wa kutilia nguo, na wafugaji wataupokea. Kuuza kama chakula ni habari nyingine, yenye KEBS, shirika la viwango, ndani yake, usiirukie.

Usiyalaze maji hayo hadi kesho kutwa. Joto la mchana mmoja linatosha kuyachachisha, na maji yaliyochacha hayafai hata kwa udongo.

Sababu ya sheria kuyachukia maji haya ni kwamba yana njaa ya hewa. Vijidudu vinavyokula wanga huvuta oksijeni yote iliyo majini na kuacha samaki bila pumzi. Njaa hiyo hupimwa. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za oksijeni kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, na 500 kwa yanayoingia bomba la maji taka. Maji ya viazi yenye wanga wake wote huvuka hata hiyo 500 bila kutoka jasho. Ukitega wanga kabla haujafika bombani, umefanya sehemu kubwa ya kazi kwa beseni na subira.

Hatua ya 5: Maji ya mwisho yanakwenda kwa nani

Ukiwa kwenye mtandao wa bomba la maji taka, usidhani kulipa bili ni ruhusa. Sheria ya Maji ya 2016 inataka mwenye kumwaga maji taka ya kibiashara apate kwanza kibali cha kampuni ya maji. Andika barua, eleza unaosha nini, kiasi gani kwa siku, na una mtego gani wa wanga na mafuta. Watakuja kuchukua sampuli. Afadhali waje kwa mwaliko wako kuliko kwa lalamiko la jirani.

Hapa Nakuru kuna mitambo miwili ya kusafisha maji taka, ya Mji wa Kale na ya Njoro, nayo yote humalizia kazi yake upande wa ziwa. Na Ziwa Nakuru halina mlango wa kutokea. Mto Njoro unaingia, Makalia unaingia, Nderit unaingia, hakuna unaotoka. Maji hupanda na jua, uchafu hubaki. Kisumu angalau mtu hujidanganya kwamba Ziwa Victoria ni kubwa. Sisi hata uongo huo hatuna. (Kampuni yetu ya maji, tuipe haki yake, hukausha kinyesi cha vyoo vya shimo na kukichanganya na unga wa mbao kutengeneza makaa ya kupikia. Yanawaka vizuri na hayanuki.)

Usipokuwa na bomba la maji taka, jenga tangi la kunyonywa na gari, au shimo la kunywea maji lililo mbali na kisima chochote. Mtaro wa maji ya mvua si mahali pake. Ule hauendi kwenye mtambo wowote, unakwenda mtoni vile ulivyo. Ukitaka kumwaga kwenye mazingira hata baada ya kusafisha, unahitaji leseni ya NEMA ya kumwaga maji taka.

Kisima kirefu? Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, hutangulia mtambo wa kuchimba. Kabla yake hufanywa uchunguzi wa maji ya ardhini, na baadaye huwekwa mita na kulipiwa kiasi unachovuta. Halafu pima floridi. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yamezidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na ndiyo yaliyowapaka watoto wetu rangi ya kahawia menoni. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kukolea. Kwa kuosha udongo maji hayo ni sawa. Kwa wafanyakazi wako kunywa, tafuta mengine, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa.

Rahisi kuliko yote ni paa. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Tangi la maji ya mvua lielekeze kwenye beseni la udongo.

Hatua ya 6: Maganda na tope

Maganda ni chakula cha ng'ombe na nguruwe, na hapa mjini mfugaji hakosi. Yatoke siku ileile. Chambua yaliyo kijani na yenye machipukizi, hayo yaende kwenye mboji au kwa wafugaji wa funza wa nzi askari mweusi. Patana na wafugaji wawili, kwa sababu mmoja atauguliwa, atasafiri, au pikipiki itamharibikia Jumamosi, nawe utabaki na pipa la maganda likivuta nzi hadi Jumatatu.

Tope la beseni la chini ndilo linalofanyiwa uzembe. Watu hulirudisha shambani wakidhani wanarejesha rutuba. Udongo uliotoka kwenye mashamba kumi ya viazi umebeba magonjwa ya mashamba kumi. Mnyauko bakteria husafiri ndani yake, na vilevile minyoo wa mizizi ya viazi, ambao waliripotiwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2015. Wakishaingia shambani hukaa miaka. Kwa hiyo tope hilo lisikaribie viazi, nyanya, biringanya wala pilipili hoho. Likaushe, ulijazie mashimo ya njia au ulipandie miti. Mfugaji naye mwambie: samadi ya ng'ombe anayekula maganda mabichi isiende kwenye viazi. Nimewahi kumwona mtu akipoteza nusu ekari kwa njia hiyo, na hakuna aliyemtakia mabaya.

Hatua ya 7: Mafuta

Mafuta ya kikaangio yakikolea rangi, yakitoa povu na moshi kabla ya wakati wake, yametosha. Yatie kwenye mtungi wenye kifuniko, uandike tarehe. Uza kwa mkusanyaji mwenye leseni anayeyapeleka kutengeneza dizeli ya mimea au sabuni, na udai risiti. Atakuja mtu na pesa taslimu akitoa bei nzuri kuliko wote, bila jina wala gari lenye maandishi. Huyo anawauzia wanaokaanga barabarani, na yatarudi tumboni mwa mtoto wa mfanyakazi wako. Mkatalie.

Kwenye bomba weka kisanduku cha kutegea mafuta, kikwanguliwe kila wiki. Kisipokwanguliwa hakina tofauti na kutokuwepo.

Hatua ya 8: Plastiki na taka kavu

Hapa nitapita haraka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake huanzia shilingi milioni 2. Pakiti ya krispi si mfuko wa kubebea, ni kifungashio cha kiwandani, lakini lazima iwe na jina la mtengenezaji na ianzie kwa mwenye idhini. Tangu kanuni za 2024 za wajibu wa mzalishaji, anayeingiza bidhaa sokoni ndani ya plastiki anatakiwa pia kujisajili NEMA na kushiriki katika mpango wa kuikusanya ikishatumika. Usinunue karatasi ya plastiki isiyo na chapa kwa sababu ni rahisi.

Ndani ya karakana, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitengwe pale zinapozaliwa: zinazooza kando, kavu kando, za hatari kando. Anayezibeba awe na leseni ya NEMA, na gari lake lifunikwe. Mwombe nakala uiweke. Taka zako zikikutwa zimemwagwa kando ya barabara ya mtaa wa London hapa Nakuru, jina lililo kwenye maboksi ni lako, si la mwenye mkokoteni.

Hatua ya 9: Faili moja

Nunua faili gumu, uliweke karibu na mlango. Ndani yake: leseni ya biashara ya kaunti, cheti cha usafi wa majengo ya chakula, vyeti vya afya vya wafanyakazi wote, ambavyo hurudiwa kila baada ya miezi 6, kibali cha KEBS, barua ya kampuni ya maji, idhini ya NEMA ya mradi na ripoti ya ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka, nakala ya leseni ya mbeba taka, risiti za mafuta, na daftari la mita. Sheria ya 2022 inazitaka pia kampuni binafsi ziandae mpango wa taka wa miaka 3 na kutoa ripoti kila mwaka. Usiajiri mtu akunakilie mpango wa kiwanda cha saruji. Ukurasa mmoja wa ukweli unatosha kuanzia, nao tayari umo kwenye daftari lako.

Kuhusu NEMA, nenda kabla ya kujenga. Wao huamua kama mradi wako ni wa hatari ndogo, ya wastani au kubwa, na gharama hufuata hapo. Anayekwenda baada ya kujenga hulipia mara mbili, na huenda akabomoa.

Hatua ya 10: Gari

Viazi hulemea gari kabla ya kulijaza. Krispi hulijaza kabla ya kulilemea. Ukikumbuka hilo utajua uogope nini kila safari.

Kwenye safari ya viazi, ogopa uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari hushika kila gari ambalo uzito wake kamili ni tani 3.5 au zaidi. Lori la ekseli mbili halizidi tani 18 gari na mzigo pamoja, la ekseli tatu tani 26. Lakini usishike 18 ukasahau Canter: gari dogo hufungwa na uwezo wake lenyewe, ule uliopakwa rangi mlangoni. Unapokwenda Nairobi utakutana na mizani ya Gilgil, upande wa magharibi ni Webuye, na mizani ya kuhamishika huweza kukutokea popote. Ukizidisha hupigwi faini tu. Gari halitoki mpaka mzigo upunguzwe, na utahangaika kutafuta gari la pili saa nane usiku huku viazi vikipigwa na umande. Hesabu ni nyepesi ukinunua gunia la kilo 50: magunia 20 ni tani moja. Kwa mukorino hakuna hesabu, kuna maombi.

Upange pia mzigo, usiurundike nyuma. Jumla inaweza kuwa sawa na ekseli ya nyuma ikawa imezidi. Magunia ya kwanza yaegemee kichwa cha gari, na utingo asikudanganye kwamba nyuma ni rahisi kushusha.

Karatasi za dereva: leseni ya daraja linalofaa, bima, cheti cha ukaguzi wa NTSA wa kila mwaka, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari mazito, pembetatu mbili za kuakisi, na risiti ya sesi, yaani ushuru wa mazao, ya kaunti yalikovunwa. Sesi ilipwe kule shambani na risiti ya siku ile itunzwe. Risiti ya juzi ni mwaliko wa mazungumzo marefu kizuizini. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, kwa hiyo safari ya kwenda shambani, kungoja mvua ikatike, kupakia na kurudi ihesabu vizuri.

Viazi vya Molo vikipitia Sachangwan na Salgaa, mwambie dereva jambo moja mbele ya utingo ili kuwe na shahidi: mteremko ule hushukwa kwa giya. Kuna wanaoweka gari huru ili wabane mafuta, breki zikapata moto na kulegea, na barabara ile imezika watu wa kutosha. Ukimlipa dereva kwa mafuta aliyobakiza, wewe ndiye unayemfundisha kuachilia giya. Mlipe kwa safari.

Kwenye safari ya krispi, ogopa maji, harufu na hewa. Turubai lisiwe na tundu. Gari lisiwe limebeba mafuta ya taa, sabuni au samaki wa jana. Na kuhusu hewa, sikiliza kisa hiki. Tulipeleka katoni zetu za kwanza Kibuye, Kisumu, tukiwa tumezijaza pakiti hewa hadi zikavimba kama mipira, tukaona ndio urembo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kupanda Mau Summit, hewa ya nje ikapungua nguvu, pakiti zikazidi kuvimba, na nyingine zikafumuka kwenye mshono. Zilizosalimika zikateremka Kericho hadi Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, zikasinyaa. Mama wa duka akazibonyeza akaniambia, "Dada, hizi umeniletea za mwaka jana." Tangu siku hiyo tunaacha nafasi kwenye pakiti, mshono unapimwa kwa kuukalia, na katoni ya kwanza hufunguliwa Kericho kabla ya kuendelea.

Gari likirudi lisioshwe mtoni. Kuingiza lori Mto Njoro na kulisugua ni kosa, na mafuta ya injini hayaulizi kama ni kidogo. Panda nyuma na ufagio mkavu kwanza, ukusanye udongo wa viazi uliomwagika kwenye gunia tupu, uupeleke penye tope lile jingine. Ndipo ulete ndoo mbili za maji ya mvua na kitambaa.